Herufi nne za "mail" zilizoniibia usingizi

Juzi usiku nilikuwa nacheza kale kagemu ka kupanga herufi kwenye simu, si unazijua zile unapewa herufi chache af unatakiwa uunde maneno ya Kiingereza. Zikanijia nne tu, A, I, L na M. Nkaandika mail, ikawaka kijani, safi. Nkajaribu mila, nyekundu. Lami, nyekundu tena. Ndo nkashtuka kumbe kichwa kimeshahama zamani, kinacheza Kiswahili peke yake na mi nalilaumu gemu bure.

Basi nkalitupa pembeni nkachukua karatasi. Mi nina kaujanja kangu kwenye mambo ya anagramu: siandiki herufi kwenye mstari, maana ukiziweka mstarini jicho linang'ang'ania neno lilelile ulilolizoea hata ukodoe vipi, kwa hiyo nazipanga kwa mduara kama saa. Nkaweka A juu, L kulia, I chini, M kushoto, nkaanza kuzunguka.

We angalia hii kitu. Ukianzia kwenye L ukafuata mshale wa saa unapata lima. Usisimame, endelea tu, anzia M unapata mali. Yaani ukizunguka bila kukata unasoma limalimalimali, sijui lima inaishia wapi na mali inaanzia wapi, jembe halimtupi mkulima limejificha kwenye herufi nne! Haya geuza, rudi kinyumenyume: kuanzia M ni mila, kuanzia L ni lami. Maneno manne bila kuruka herufi hata moja, nilicheka mwenyewe kama chizi.

Ya kuruka yakaja baadaye kidogo. Imla, ile ya mwalimu anasoma we unaandika huku unatetemeka, na mlia, ambalo karibu nilipoteze kwa sababu tumezoea kulisikia kwa wingi tu kwenye punda milia, lakini ule mstari mmoja ukiwa peke yake ni mlia, sasa nani anahesabu mstari mmoja wa punda milia, ndo maana halisikiki.

Nkapiga hesabu. Herufi nne tofauti zinapangika kwa njia 24. Kiswahili kinataka neno liishie na irabu, kwa hiyo nusu unaitupa hapohapo bila kuitazama, zinabaki 12, na kwenye hizo 12 sita ni maneno halali kabisa. Nusu bana! Kiingereza kina uhuru wa kutumia zote 24 na mi nilichokiokota humo ni mail, na majina, Lima mji mkuu wa Peru (na yale maharage yaliyopewa jina la huohuo mji) na Mali ile nchi. Ila tusiwacheke sana, maana wape stop uone, watakutolea post, spot, pots, tops na opts kabla hujakaa vizuri, na sisi hapo hatuna letu, konsonanti tatu na irabu moja utaunda nini.

Sasa kwenye maana ndo Kiingereza kikalipiza. Nlidhani mail ni barua basi. Kumbe ni maneno matatu yaliyogongana tahajia, kila moja na kwao. La kwanza lilitoka Kifaransa cha zamani, male, maana yake mfuko, na Wafaransa mpaka leo malle kwao ni sanduku la safari. Waingereza wakawa wanasema mfuko wa barua, baadaye wakachoka kusema barua, jina la mfuko likahamia kwa kilichomo ndani. La pili ni lile vazi la vita la pete za chuma zilizosukwa, hilo ni la Kilatini, macula, yaani doa au tundu la wavu. La tatu ni la kule Skoti, mail kwa maana ya kodi, na limebaki limejibanza ndani ya blackmail. Mi miaka yote nilijua blackmail ni barua chafu ya kumtisha mtu, kumbe barua haimo kabisa, ni kodi ambayo watu wa mpakani mwa Uingereza na Skoti karne ya 16 walikuwa wanawalipa majambazi ili ng'ombe wao wasiibiwe. Kodi nyeusi.

Halafu likanijia lililonimaliza. Kiswahili tulishaikopa hiyo mail kitambo tu, ila hatukuichukua kama barua, barua tulikuwa nayo tayari ya Kiarabu. Sisi tuliona ile stima kubwa inayoleta barua, tukasikia inaitwa mail, tukaiita meli. Na leo kila chombo kikubwa cha baharini ni meli hata kama kimebeba saruji tupu. Kwa hiyo neno lilianza mfuko, likawa barua zilizomo kwenye mfuko, likaja kuwa jahazi la chuma lililobeba mifuko ya barua. Kila linapohama linakua.

Saa saba usiku hiyo, kulala ndo basi tena. Nkaiandika meli nayo kwa mduara, M juu, E kulia, L chini, I kushoto, na safari hii Kiswahili kikagoma, nikazunguka nikazunguka sipati kingine, ila Kiingereza ndo kikaibuka: anzia L ufuate saa ni lime, ndimu au chokaa chagua mwenyewe, na ukirudi kinyume kuanzia M ni mile. Na mile kwa Kiswahili ni maili, yaani mail na i moja ya kuongezea mwishoni.