Nimerudi Bukoba, shimo la Amin bado lipo

Nimefika Bukoba juzi na meli ya Mwanza, MV Victoria ile ile ya zamani ila imekarabatiwa na kuongezewa jina, nikashuka pale Custom kunapambazuka, miaka 26 sijakanyaga hapa jamani. Bodaboda kaniuliza "mzee unaenda wapi?" nikageuka nyuma kuangalia huyo mzee ni nani.

Nyumba yetu ya Kashai ina ufa toka tetemeko la Septemba 2016, wameuziba na saruji, inakalika. Ila nikiri tu, hata kabla ya chai nilizunguka nyuma migombani kuangalia shimo. Lipo! Limefukiwa nusu, mgomba umeota katikati, wajukuu wa shangazi wanatupa maganda humo wakijua ni jalala. Nikawaambia hili ni handaki, tulikuwa tunajificha ndege za Amin. Mmoja akaniuliza, "Amin yupi, babu? Yule fundi?"

Mwaka 1978 nilikuwa na miaka 9. Siku hizi ukisikia watu wanaongelea vita vya Kagera ni mizinga, Mutukula, Masaka, halafu Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, kwisha. Sawa, na waliolala pale Kaboya, makaburi ya wanajeshi wetu, wanastahili kila heshima. Lakini sisi wa mjini huku nyuma vita yetu ilikuwa ya chumvi, sabuni na giza, na hiyo sijaona mtu akiisimulia.

Oktoba ile MiG zilipokuja kuangusha mabomu madhara hayakuwa makubwa, ila vioo vilipasuka na mji mzima ukachanganyikiwa, watu wanakimbia huku wengine wanakimbia kule, wanapishana. Ndio mzee akachimba shimo. Siku ya kwanza tuliingia tukiwa tunalia, ya tatu tulikuwa tunagombania nani akae karibu na mlango, baada ya wiki shangazi alikuwa anamenya ndizi humo humo ili asipoteze muda. Ukitoka unakuta siafu wamekupanda hadi kwapani, kwa kweli mimi niliwaogopa siafu kuliko ndege.

Mwisho wa mwezi Amin akaingia na kuteka eneo lote la ng'ambo ya mto Kagera. Watu wakaja. Sisi tulimpata mama mmoja wa Bunazi na watoto watatu, kabeba kichwani cherehani, yaani kichwa chake tu, meza na pedeli kaacha. Akaipachika kwenye kigoda, mwanae mkubwa anazungusha gurudumu kwa mkono yeye anashona, nguo za mtaa mzima zilipita pale. Hela hakuwa anataka, alikuwa anasema nipe chumvi. Maana chumvi ilikuwa imeadimika, mama aliifunga kwenye kitambaa anakichovya kwenye sufuria mara moja na kukitoa, kesho tena. Kufulia tulifulia majani ya mpapai. Na msidhani vita vilipoisha vitu vilirudi, tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, mimi ile mikanda naona tuliifunga hadi namaliza sekondari.

Mwalimu alipohutubia, tarehe 2 Novemba, redio ilikuwa moja kwa nyumba kama sita hivi, watu wazima kimya kabisa. Uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Kesho yake watoto wote tuliikariri, ukinyang'anywa gololi unasimama kifua mbele, uwezo wa kukupiga ninao! Mchezo wa vita ulitushinda lakini, hakuna aliyekubali kuwa nduli, yaani Amin.

Sasa giza. Novemba ndio senene, wale panzi wa kuliwa, wanashuka, kila Mhaya anajua, na senene wanafuata taa. Mwaka ule taa marufuku, koroboi tuliiweka chini ya meza na kufunikwa na debe, dirishani shangazi katundika blanketi. Usiku unawasikia tu wanagonga bati, tiii tiii tiii, wengi ajabu, na hakuna wa kutoka na karabai. Tukalala tunawasikiliza. Alfajiri kina mama wakaenda kuwaokota kwenye majani wakiwa wamelowa umande, yule mama wa Bunazi akarudi na kikapu kimejaa akakaa mlangoni kunyonyoa mabawa, mara akaanza kulia. Hakuna aliyemuuliza. Shangazi alivuta kigoda akakaa pembeni yake, wakanyonyoa wote mpaka wakamaliza.

Nimekuja msimu huu huu makusudi. Siku hizi senene ni biashara, jirani kasimamisha mabati na mapipa, juu taa kali kama za uwanja wa mpira, kwetu huku usiku ni mchana. Jana saa mbili nilikuwa sebuleni nachati na watoto, shangazi akaingia na fimbo yake, waitu miaka themanini na kitu, akazima taa bila kusema neno. Halafu akaenda dirishani na blanketi. Misumari miwili ipo pale pale juu, mmoja kushoto mmoja kulia, imepakwa rangi pamoja na ukuta sijui mara ngapi.

Nikamshikia upande mmoja.