Mwakirunge na madalali wa ploti
Jumamosi nimeshinda Mwakirunge, huku Kisauni, Mombasa, na kikundi kinachosaidia wakulima wasiuze mashamba kwa pupa. Madalali wa ploti za futi 50 kwa 100 hawalali, wallahi! Bikoni, zile alama za mipaka, wameshachomeka katikati ya matuta ya mihogo. Chini ya mnazi, dada mmoja alitandaza ramani mkekani, akamweleza mzee kwamba kuuza shamba la kilimo, au hata kulikatakata, kunahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. La sivyo mauzo ni batili. Mzee akauliza, "Na arbuni, ile pesa ya kutanguliza, nishaila, mwanangu?" Akaambiwa alete karatasi zote, zitazamwe. Kikundi kinarudi wiki ijayo, mwenye shamba huko Kisauni anitafute inboksi.