Mshauri unayeweza kumwambia "hujanielewa"

Mama alizikwa nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, maelfu ya kilomita kutoka kaburini, nikitazama mazishi kwenye simu. Mtandao ulikatika pale udongo ulipoanza kurudishiwa. Uliporejea, watu walikuwa wanatawanyika. Ni hilo lililonipeleka kwenye tiba ya mazungumzo, na nilipita kwa washauri watatu kabla sijaweza kulisema lilivyo.

Wa kwanza alikuwa mtu mpole. Alinipa fomu ya maswali 9, ile inayoitwa PHQ-9, inayouliza ulivyokuwa kwa wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kutofurahia chochote. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Ni fomu nzuri, nami siisemi vibaya. Lakini niliijaza kwa lugha ninayoandikia barua pepe za kazini, na mimi siumii kwa lugha hiyo. Tulipoanza kuongea nikamwambia moyo wangu ni mzito, nikitafsiri neno kwa neno. Akaniuliza kama nimepimwa moyo hospitalini.

Hakukosea kuuliza. Niliyekosea ni mimi niliyeitikia kwa kichwa na kusema nitakwenda kupima. Nilirudi kwake mara 6 zaidi, kila mara nikimpa majibu niliyoona anayasubiri. Fomu ile ina tafsiri ya Kiswahili, jambo nililolijua baadaye sana. Ukipewa ya lugha ya ugenini, uliza kama wanaweza kukutafutia ya kwetu.

Basi nikasema nitafute mtu wa nyumbani. Nikampata, tena anayesema Kiswahili kitamu. Kikao cha kwanza nilitoka nimepumua. Kikao cha pili nikaanza kuona kwamba kila nikifungua mdomo, ananimalizia sentensi. "Naelewa, mtoto wa kwanza ana mzigo." "Naelewa, ndugu wanadhani huku tunaokota pesa." Yalikuwa kweli, ila hayakuwa yangu. Hakuwahi kuniuliza kuhusu mama, kwa sababu aliona anajua mtu wa kwetu anavyofiwa. Halafu jamii yetu huku ni ndogo. Siku moja nilimkuta kwenye sherehe, amekaa meza moja na watu ninaowaheshimu. Sina sababu yoyote ya kudhani alitoa siri yangu. Ila kuanzia siku ile nilichuja maneno, na anayechuja maneno mbele ya mshauri anapoteza muda wa wote wawili.

Siwaambii mkimbie washauri wa kwetu. Najua watu waliopona mikononi mwao, na kwa mwingine lugha ndiyo mlango pekee. Ninachosema ni kwamba asili moja haitoshi, na asili tofauti si kikwazo peke yake. Kama unamtaka wa kwetu na unaogopa macho ya jamii, mtafute anayeishi mji mwingine na mfanye vikao kwa video. Uliza kwanza kama leseni yake inamruhusu kumhudumia mtu aliye mahali ulipo.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika kwamba ushirikiano wa mshauri na mteja una sehemu 3: kukubaliana mnataka kufika wapi, kukubaliana mtafanya nini ili mfike, na kifungo cha kuaminiana kati yenu. Niliposoma hayo niliona nilikwama wapi. Mshauri wa kwanza alitaka nirudishe usingizi. Mimi nilitaka ruhusa ya kulia. Lengo letu halikuwa moja na hakuna aliyelitaja.

Baada yake nikasoma kuhusu Jeremy Safran na Christopher Muran, waliochunguza kwa miaka mingi nyufa zinazotokea katika uhusiano huu. Wanasema kuna ufa wa kugombana, na kuna ufa wa kujitenga: mteja anakubali kila kitu, anabadilisha mada, anakuwa mwema kupita kiasi. Nilijiona mzimamzima. Sisi tuliolelewa kutombishia mkubwa wala mtaalamu tunaweza kukaa na ufa wa namna hiyo mwaka mzima, na mshauri akaandika kwamba tunaendelea vizuri.

Kwa hiyo nilipomtafuta wa tatu, niliuliza maswali kwenye simu kabla ya kukubali. Wengi wao hukubali mazungumzo mafupi ya mwanzo, na si utovu wa adabu kuyaomba. Nilimuuliza amesomea nini na amesajiliwa wapi, kwa sababu vyeo havina uzito sawa kila nchi. Ujerumani jina la mtaalamu wa saikolojia-tiba linalindwa na sheria tangu 1999, lakini Uingereza mtu anaweza kujiita mshauri bila sheria kumzuia, na ndiyo maana unakagua daftari la chama chake cha kitaaluma. Ukihitaji dawa, kwa kawaida utamwona daktari wa magonjwa ya akili, si mwanasaikolojia.

Nilimuuliza pia anafanya kazi kwa njia gani. Tiba ya fikra na tabia, aliyoianzisha Aaron Beck miaka ya 1960, ina mpangilio na kazi za nyumbani, na mara nyingi huchukua vikao kati ya 6 na 20. Inawafaa wengi wenye wasiwasi na sonona. Aliyepitia vita au kushambuliwa anaweza kuhitaji mtu aliyefunzwa hasa tiba ya kiwewe. Mimi nilihitaji mshauri wa mambo ya msiba, asiye na haraka.

Nikamuuliza na la siri: nani anasoma rekodi zangu, na ni wakati gani anaweza kuvunja siri. Wengi wetu tunaogopa kwamba tukilia mbele ya mtu, habari itafika kwa wanaoshughulikia vibali vyetu. Usibaki na hofu hiyo kimya, iulize. Mshauri mzuri atakueleza mipaka waziwazi, kwa mfano pale maisha yako au ya mtoto yanapokuwa hatarini. Na kama unahitaji mkalimani, omba wa kazi hiyo, anayefungwa na siri. Usimpe mtoto wako kazi ya kubeba maumivu yako kutoka lugha moja hadi nyingine. Naomba sana, msifanye hivyo.

Haya yote ni ya mwenye muda wa kuchagua. Ukiwa unafikiria kujiua, usianze kulinganisha washauri. Piga namba ya dharura ya hapo ulipo au nenda hospitali leo, na mweleze yeyote utakayemkuta.

Wa tatu hajawahi kufika Afrika Mashariki na hajui neno hata moja la Kiswahili. Kikao cha pili nilimsimulia mazishi yale, akasema ni lazima ninajilaumu kwa kutokuwepo. Nikaanza kuitikia kwa kichwa kama kawaida yangu. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Hapana. Hujanielewa."

Akaweka kalamu chini. "Basi nisaidie," akasema. "Liseme kwanza kwa lugha yako, kisha tutalitafsiri pamoja."

Nikalisema kwa Kiswahili, polepole, mbele ya mtu asiyeelewa hata silabi moja: sijilaumu, mama, ila sikusikia mchanga ukianguka, na mpaka leo masikio yangu yanausubiri. Tulitumia dakika zote zilizobaki kwa sentensi hiyo moja. Hakunimalizia neno hata moja.