Usiku ambao mvua ilikutana na bamvua

Tahadhari ya mvua kubwa na upepo mkali ilitolewa siku mbili kabla, nami niliitii kama wengi wetu tunavyoitii: nilichaji simu, nikajaza maji ya kunywa kwenye madumu, nikapandisha magodoro juu ya meza. Jambo ambalo sikulifikiria hadi jioni ya siku yenyewe ni bahari. Nyumba yangu ipo bondeni, hatua chache kutoka ufukweni, na mtaro unaoondoa maji ya mvua mtaani kwetu humwagia baharini. Mwezi ulikuwa umeandama siku iliyotangulia, yaani tulikuwa katika bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, na jedwali la kujaa na kupwa lilionyesha kwamba maji yangejaa kabisa saa kumi alfajiri. Bahari ikijaa kiasi hicho hufunika mdomo wa mtaro, na mvua inayonyesha wakati huo haina pa kwenda.

Basi nikaupanga usiku wote kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa kumi. Kazi zote za nje zilipaswa kuisha kabla ya saa tatu usiku. Tulizibua mtaro kwa majembe, tukatoa makuti, chupa za plastiki na mchanga uliokuwa umeshikamana kama udongo wa kufinyanga, kisha tukapanga viroba vya mchanga mlangoni. Mvua ya milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Paa langu lina mita za mraba zipatazo 80, kwa hiyo milimita 100 zingemwaga lita 8,000 uani kwangu, kabla sijahesabu maji yanayoteremka kutoka kwa majirani wa juu. Hesabu hiyo ilinifanya nichimbe mfereji mwembamba wa kuyaelekeza maji ya paa upande wa barabara.

Saa nne usiku jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, alitaka kulihamisha gari lake hadi mlimani. Barabara ilikuwa tayari imefunikwa na maji yaendayo kasi. Nilipomzuia aliniuliza, "Mwanangu, gari hili lina zaidi ya tani moja, litachukuliwaje na maji yasiyofika hata magotini?" Nilimjibu, "Mzee, mita moja ya ujazo ya maji nayo ni tani moja. Maji ya sentimita 30 yanatosha kulifanya gari dogo lielee, na yanayokwenda kasi huweza kumwangusha mtu mzima yakiwa nusu ya hapo." Alinung'unika, lakini aliliacha. Asubuhi tuliona kwamba udongo ulio chini ya lami, karibu na kalvati, ulikuwa umechotwa wote. Lami imebaki ikining'inia juu ya shimo.

Maji yaliingia ndani saa nane na nusu, na hayakupita mlangoni nilikokuwa nimejenga ngome yangu ya viroba. Yalitokea kwenye tundu la sakafu ya bafu. Kwanza nilisikia sauti kama ya birika linaloanza kuchemka, kisha nikaona povu la kijivu likipanda, limebeba mchanga na harufu ya pwani maji yakiwa yamekupwa. Nilikunja taulo, nikalitia ndani ya mfuko wa plastiki, nikalishindilia tunduni na kuweka kiroba juu yake. Hilo lilipunguza kasi tu. Nilizima swichi kuu ya umeme sakafu ikiwa bado kavu pale nilipokuwa nimesimama, nikachukua chaki na kuanza kuweka alama kwenye mwimo wa mlango kila baada ya robo saa.

Upepo ulifikia ukali wake katika saa hiyohiyo, ukiisukuma bahari nchi kavu. Mtu mmoja alikuwa amenishauri nifungue madirisha ili upepo upite, na nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo. Ushauri huo ni mbaya. Upepo unaopita juu ya paa tayari unalivuta kwenda juu, na ukiingia kupitia dirisha linaloukabili utalisukuma pia kutoka ndani. Tulifunga kila kitu, tukakaa sote kwenye chumba cha katikati kisicho na dirisha. Kilichong'oka ni bati moja la barazani, ambalo kwa miezi mingi nilikuwa nikiahidi kuliongezea misumari. Liliondoka kwa kishindo kimoja, nami sikuwa na wa kumlaumu.

Alama za chaki zilipanda hadi saa kumi na moja kasorobo, zikasimama, na kufikia saa kumi na mbili maji yalikuwa yakishuka ingawa mvua ilikuwa bado ikinyesha. Bahari ilikuwa imeanza kupwa na mtaro umepata mdomo wake tena. Hatukuwasha umeme hadi fundi alipokagua soketi za chini, na maji ya kisima tuliyachemsha kwa majuma kadhaa, kwa kuwa maji ya mafuriko huwa yamepitia vyooni.

Alama ya juu kabisa iko sentimita 22 kutoka sakafuni, na sijaifuta. Kwenye bomba la bafu fundi ameweka vali inayoruhusu maji kutoka bila kurudi, ingawa bamvua iliyokuja na mvua kubwa haijaijaribu bado.