Siku moja maishani mwangu: kuusaka waya mweupe kwenye Land Rover ya mzee wa Kiwira

Saa 12 na nusu asubuhi. Mbeya mwezi wa saba baridi yake siyo ya mchezo, vidole vinakufa ganzi mpaka bisibisi haishikiki, kwaiyo kabla ya gereji lazima nipitie kwa mama wa chai hapa Ilomba, chai ya maziwa yenye tangawizi na chapati, nakunywa nimesimama naangalia malori yanayotoka Tunduma yanavyojikokota kuelekea Uyole. Mimi ni fundi umeme wa magari. Magari mapya natengeneza, lakini moyo wangu uko kwenye yale ya zamani, Land Rover, Peugeot 504, Datsun, yale ambayo mafundi wengi wakifungua boneti wanamwambia mwenye gari "toa waringi yote (yaani nyaya zote za umeme) weka mpya". Kauli hiyo inaniuma sana, na kazi ya leo naiandika kwa sababu hiyo.

Saa 2. Dogo Lusajo kashafungua, kafagia, kapanga spana. Mara Land Rover inaingia, Series III ile ndefu ya 109, ya petroli, bodi ya bati la alumini imepauka ila imenyooka. Hizi zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 mpaka 1985, na huku kwetu kuna wazee wanazitegemea mpaka leo kushusha viazi toka milimani. Anashuka mzee mmoja wa Kiwira, koti zito na kofia ya sufi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, mmeamkaje hapa?"

"Salama mzee, karibu. Chombo kinasumbuaje?"

Akaanza kunisimulia. Alikuwa anashuka Isyonje na mzigo wa viazi, jioni, taa kawasha sababu ya ukungu, gurudumu likaingia kwenye shimo, injini ikazima papo hapo, akakanyaga klachi ikasimama kabisa, pedali ya breki ikawa ngumu kama jiwe na nyuma yake kuna lori la Malawi linapiga honi, halafu akiwa bado anateremka akaachia klachi na gia imo, injini ikashtuka ikawaka. Imetokea hivo mara kadhaa, na siyo lazima shimo liwe kubwa. Ameshazunguka kwa mafundi, kabadilishiwa koili (ile inayokuza umeme wa cheche za plagi), kabadilishiwa pointi (zinazokata na kuunga umeme wa koili) na kondensa yake, mpaka pampu ya mafuta imeguswa. Hela imekwenda na ugonjwa uko palepale.

Nikamuuliza swali moja tu, na mkitoka hapa na kitu kimoja basi kiwe hiki. "Mzee, ilipozima, zile taa nyekundu za dashibodi, ya chaji na ya oili, ziliwaka?" Akafikiri. "Hapana mwanangu, hakuna kilichowaka, na mshale wa mafuta ulilala." "Na taa kubwa za mbele?" "Hizo zilibaki zinawaka, ndo zilizonisaidia."

Hapo nusu ya kazi imeisha. Injini ikizima ikasimama kabisa kwa kukosa mafuta, au kwa koili mbovu, swichi bado iko on, kwaiyo taa ya chaji na ya oili lazima ziwake maana alteneta imesimama na presha ya oili imeshuka. Zisipowaka maana yake umeme wenyewe wa swichi haufiki. Taa kubwa zinakula njia nyingine, hazipiti kwenye swichi ya ufunguo, ndo maana zilibaki. Kwaiyo ugonjwa uko kwenye njia ya waya mweupe, ule unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, na koili mpya hata uweke ya dhahabu haisaidii.

Maana hizi gari za Kiingereza nyaya zake zinaongea. Kahawia ni umeme wa moja kwa moja toka betri, mweupe ni ule unaopatikana ukifungua ufunguo, kijani ni uleule wa ufunguo ukishapita kwenye fyuzi, mweusi ni ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi), mwekundu taa ndogo, bluu taa kubwa. Ukiijua Land Rover umeijua Mini, umeijua Morris Minor, utaratibu ni mmoja. Sasa mtu akija akavuta waya mwekundu wa spika toka betri mpaka koili kwa sababu ndo alionao mfukoni, ameifunga mdomo gari. Fundi atakayekuja baada ya miaka kumi hataelewa kitu.

Saa 3 na nusu. Tumeanza kupima. Lusajo alikimbilia mita akaweka kwenye mlio, ncha moja swichini na nyingine kwenye koili, mita ikalia piii, akaniambia "kaka waya mzima huu." Nikamwambia dogo, mita inapitisha kaumeme kadogo sana, hata ubaki uzi mmoja ndani ya waya itakwambia ni mzima. Waya unapimwa ukiwa kazini.

Nikachukua hendeli nikazungusha injini kwa mkono mpaka pointi za distributa zikafunga, hapo koili inavuta karibu ampea 4. Ufunguo on, waipa on, feni ya hita on. Betri volti 12.5. Kwenye koili volti 9.8. Lusajo akatoa macho. Karibu volti 3 zimepotea njiani, na kwenye kiungo kimoja kizima hazitakiwi kupotea hata 0.2. Na umeme unaopotea haupotei bure, unageuka joto, hata ukihesabu ampea 4 za koili peke yake, mara hizo volti karibu 3 ni wati 10 na kitu, zote zinakaa sehemu ndogo kama punje ya harage. Ndo moto wa magari unapoanzia. (Ukipima hivi usiache ufunguo on muda mrefu injini ikiwa imesimama, koili inachemka.)

Saa 5. Kutafuta sasa. Ncha moja ya mita betri chanya, nyingine natembea nayo kiungo kwa kiungo. Kwenye swichi inasoma 0.1, safi. Kwenye boksi la fyuzi 2.6. Kwaiyo ugonjwa uko kati ya hapo, pale nyaya zinapotoboa ukuta wa injini. Nikamwambia Lusajo ashike lile fungu la nyaya alitikise taratibu, mshale wa mafuta kwenye dashi ukalala, ukaamka, ukalala. Mzee alikuwa amesimama mlangoni akasema "ndo hivohivo!"

Nikafungua betri, hasi kwanza, maana spana ikigusa bodi wakati unafungua hasi hakuna kinachotokea, ila ukianza na chanya spana ikigusa bodi utaona cheche za hatari. Hii kanuni ni kwa gari zenye ethi hasi kama hii, yaani hasi ya betri ndo imefungwa kwenye bodi, Land Rover za kabla ya 1967 hivi nyingi zilikuwa ethi chanya kwaiyo angalia kwanza usikariri.

Kile kimpira kinachozuia nyaya zisisuguane na tundu la ukuta hakipo. Kimekauka kikapasuka kikadondoka zamani, bati limekuwa linakula nyaya kidogokidogo kila gari ikitikisika. Nikakata tepu ya zamani kwa wembe, na tepu ikiwa imeiva hivo inatoka na utomvu mweusi unaonata vidoleni, ndani yake nikakuta tepu nyingine ya rangi tofauti, mtu kashafika hapa kabla yangu. Na humo ndani kiungo cha kusokota kwa mkono. Nyuzi zimegeuka kijani, ile kutu ya shaba, ukiigusa inapukutika kama unga, na katikati ya huo unga zimebaki nyuzi mbili tatu zinazong'aa, ndo zilikuwa zinaendesha gari yote ya mzee. Waya huu kiwandani una nyuzi 28. Nikamwita mzee aangalie kwa macho yake, nikamwekea tochi. Alikaa kimya kidogo halafu akasema "yaani na mzigo wote ule nilining'inia hapo?"

Jambo jingine la hapohapo, waya mweupe ukizeeka unageuka rangi ya chai, unafanana kabisa na kahawia, na ukivichanganya hivi viwili umechoma kitu. Njia rahisi, testa ya balbu: kahawia inawasha ufunguo ukiwa off, mweupe inawasha ufunguo ukiwa on tu. Au chana ganda la tepu pale jua halijawahi kufika, rangi yake ya kuzaliwa utaikuta.

Saa 7. Wali maharage na parachichi. Mzee kaenda kuangalia bei ya mbolea. Mimi nikapanda bajaji mpaka Mwanjelwa kutafuta waya, maana madukani ukiomba waya mweupe wa gari wa milimita mraba 2 wanakupa wa nyumba, ule wa shaba ngumu, na huo ukiufunga kwenye gari mtikisiko unaukata upesi. Kwa jamaa wa spea za mtumba nikapata fungu la waringi ya Land Rover iliyokatwa, mweupe safi, nyuzi zinang'aa mpaka ndani. Nikachukua na vile vidude vya kuungia vya shaba na kampira kanakosinyaa ukikapasha moto.

Saa 8 na nusu. Kazi yenyewe ni fupi. Nimekata waya pande zote mpaka nilipokuta shaba nyekundu safi, upande mmoja ilibidi nirudi nyuma kama sentimita nane maana kutu inatembea ndani ya ganda huioni. Nikaweka kipande kipya, nikabana kwa koleo lake la kubania, siyo plaizi, nikavuta kwa nguvu kuhakikisha, nikavalisha kampira nikapasha. Lusajo akauliza kwanini nisilehemu kwa risasi. Kulehemu siyo dhambi, ila risasi inapanda ndani ya nyuzi inazifanya ngumu, na pale ugumu unapoishia ndo mtikisiko unapokatia, kwenye Land Rover inayopita Isyonje ndo kabisa. Na viungo viwili vya kipande nimevipishanisha na kuviweka mbali na tundu la ukuta, visije vikakaa palepale panaposuguana.

Nyaya jirani nilizichunguza mmoja mmoja, kijani mmoja ulikuwa umeshachubuka ganda, nao nikautengeneza. Tundu nimelipiga msasa kingo, nikaweka kimpira kipya, fungu nikalivika tepu ya kitambaa. Muda mwingi umeishia hapo, kuliko hata kwenye waya wenyewe, na sijutii hata dakika.

Ufunguo on, pointi zimefunga, waipa na feni on. Betri 12.4, koili 12.2.

Saa 10. Barabarani. Mzee anaendesha, mimi pembeni, Lusajo nyuma kashikilia mabomba. Tumetoka Uyole tukaelekea Igawilo, halafu nikamwomba akunje ile ya vumbi yenye mashimo. Kwanza aliyakwepa, mazoea, nikamwambia "mzee pita humohumo." Akapita. Mshale wa mafuta umetulia. Akapita tena shimo kubwa zaidi kwa makusudi, akaanza kucheka, akaniambia "ndaga fijo mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Saa 12 jioni. Nimemwandikia kwenye karatasi nilichofanya na waya uko wapi, aweke kwenye kiboksi cha gari, fundi yeyote ajaye aone. Kalipa elfu hamsini na nyaya juu yake. Bado kuna ule waya wa ethi kati ya injini na chesisi, nimeuona umeoza nusu, na alumini ikikutana na chuma kwenye unyevu wa Rungwe ethi zinasumbua sana, kwaiyo tumekubaliana ataileta tena akishamaliza kuvuna viazi. Koili yake ya zamani, ile waliyomtoa, alikuwa nayo nyuma ya siti. Nimeipima, nzima kabisa, nimemwambia aitunze iwe akiba.