Siku moja maishani mwangu: watoto 34 na mkungu wa chikichi

Saa 1:30 asubuhi. Nimewaandikia wazazi mara tatu: kesho nguo za nyumbani, zenye rangi ya giza. Nusu ya darasa la awali wamefika na mashati meupe ya sare. Nimenyamaza.

Chanzo cha safari hii ya shamba la michikichi ni swali nililouliza darasani. Dagaa wanatoka wapi? Ziwani, usiku, kwa taa, mwezi usipokuwepo. Watoto wa Ujiji hao, sikushangaa. Na mawese? "Kwenye dumu!" darasa zima. Huu ndio mkoa wa michikichi, na maharage ya nyumbani kwao mekundu karibu kila siku.

Saa 3:00. Tumeshuka shambani, mbele kidogo ya Mwandiga. "Shikamoo babu!" "Marahaba wajukuu zangu." Mkwezi amejifunga kamba, amepanda, panga limelia mara nne, mkungu ukaja chini puu! Wote wakarudi nyuma, na mimi nikiwemo. Kwenye mizani: kilo 19. Kuna aliyedai naye apimwe: kilo 17. Amenuna.

Saa 4:00. Nilidhani tutakamua mkungu huohuo. Babu kacheka. "Mwalimu, hizi bado zimeshikana. Tunauacha siku kadhaa ndipo ziachie." Bahati nzuri alikuwa na nyingine tayari. Kwanza akapasua chikichi mbili kwa kisu. Ya kienyeji, dura, nyama kiduchu na ganda nene la kokwa. Ya pili tenera, chotara, miche yake inazalishwa hapa hapa Kigoma, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga: nyama tele, ganda jembamba. Watoto hawakujali majina. Walichotaka ni kubonyeza nyama waone kidole kikigeuka rangi ya chungwa, kisha wakifute. Kwenye shati.

Chikichi zilizochemshwa kwenye pipa zikaingia mashineni, ile ya kuzungusha kwa mkono. Wanne wanne wakasukuma mti kwa zamu, wakiimba. Mawese yakatoka mazito, yana povu na maji, yarudi motoni mpaka maji yaishe. Wekundu wake ndio wenye vitamini A, kwa hiyo mnaoyaunguza mpaka yakawa meupe, mnajipunja wenyewe.

"Babu, sasa dumu liko wapi?" Nikakata tamaa kidogo.

Aliyeniokoa ni binti mmoja asiyesemaga darasani. Kaokota kokwa kwenye makapi. "Hii ina mise, kile kiini cha ndani. Bibi anazianika, anazipasua kwa jiwe, anauza kwa watu wa sabuni." Akachuchumaa akawaonyesha wenzake namna ya kushika jiwe usijigonge. Mimi mwenyewe nilijigonga.

Saa 7:00. Ugali wa muhogo, maharage. Njiani wamelala wote.

Saa 10:15 jioni. Simu ya mama mmoja. Nikaanza kuomba radhi kuhusu shati.

"Aa, mwalimu, shati nitafua nianike, doa la mawese linakufa na jua. Nimepiga kwa sababu mwanao kamwaga dumu langu lote jikoni."

"Kalimwaga?"

"Anasema anatafuta kokwa."

Kabla ya magharibi nikapita kwake na lita tatu.