Nipe Kichwa

Moshi, Jumamosi ya pili ya Julai

Asubuhi mlima ulikuwa umejifunika, kama unavyofanya karibu kila siku mwezi huu, na baridi ilikuwa ile inayouma masikio. Sikutaka kumnyoa mtoto kwenye hali hiyo, nikangoja. Ilipofika saa nne jua likapenya kidogo hapa uani kwetu Pasua. Nikatoa kigoda, nikatandika kanga kuukuu chini yake, nikaweka mashine ya kunyolea juu ya kanga, ikiwa imezimwa. Kisha nikaenda zangu kuosha vyombo.

Kuiweka mashine pale na kuondoka nilikupanga tangu Juni. Mwanangu ana miaka 3 na nusu. Tangu Machi, akisikia mlio wowote unaokaribiana na wa mashine ya kunyolea, hata blenda ya mama jirani anayeuza juisi, anashika kichwa kwa mikono miwili na kuja kuficha uso kwenye nguo zangu. Ni mtoto ambaye haogopi mbwa wala radi.

Machi tulikuwa tumempeleka saluni, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wamejaa. Kinyozi alikuwa kijana mwenye kasi, wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na benchi zima la watu wanaomsubiri. Akampandisha mwanangu juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti, akamfunga kitambaa shingoni, akawasha. Mtoto akageuka kutazama mlio unatoka wapi. Akashikwa utosini, akainamishwa. Akalia. Akashikwa kwa nguvu zaidi, upande wa kulia. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka pale, na maneno yaliyonitoka ni, "Tulia baba, tulia, inaisha." Mwanangu ndiye niliyemwambia atulie. Kijana wa watu sikumwomba hata asubiri kidogo. Hilo ndilo linalonirudia usiku, kuliko kilio chenyewe.

Wiki tatu baadaye yakatokea mapunye. Duara la kwanza lilikuwa juu ya sikio la kulia, kubwa kama sarafu, nywele zimekatika, ngozi ina magamba meupe. Wengine huyaita mashilingi, na ukiyaona utajua kwa nini. Nilianza na dawa ya kupaka ya dukani, nikapaka wiki nzima bila mabadiliko, mpaka daktari alipotueleza kwamba mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka peke yake. Fangasi huingia ndani ya unywele wenyewe na kushuka mpaka kwenye shina lake, na huko dawa ya juu ya ngozi haifiki. Akaandikiwa griseofulvini ya kumeza, wiki 6 bila kuruka siku, tena inywewe pamoja na chakula chenye mafuta ndipo mwili uipokee vizuri. Nikawa nampa na parachichi. Kila jioni, kipande cha parachichi, dawa, kipande kingine. Foronya na kofia zake nilichemsha zote, na kitana nikamnunulia cha kwake peke yake.

Siwezi kuapa kwamba mapunye yale yalitoka saluni. Watoto wa uani wanavaliana kofia na kulala mto mmoja, na ugonjwa huu hupita kwa njia hizo zote. Ila mashine ile niliiona kwa macho yangu ikitoka kichwa hiki kwenda kichwa kile, na usafi wake ulikuwa kupulizwa kwa mdomo na kugongwa gotini. Wapo vinyozi wanaosafisha meno ya mashine kwa spiriti kila mteja anapoinuka. Mkiwapata hao, washikeni.

Basi nikaamua kwamba huyu nitamnyoa mwenyewe. Mashine niliinunua maeneo ya Mbuyuni, shilingi 40,000, ya waya. Za chaji zipo, lakini chaji ikishuka katikati ya kazi mashine haikati tena, inavuta nywele, na kwa mtoto aliyekwisha ogopa hilo lingekuwa mwisho wa habari. Binamu yangu ananyoa kule Kiboriloni. Akaja jioni mbili kunifundisha, kwenye kichwa cha mume wangu. Nilijifunza kutia tone la mafuta katikati ya meno kabla ya kuwasha. Nilijifunza kwamba kile kitana cha plastiki kinachovikwa kwenye mashine, namba 1 huacha nywele za milimita 3 na namba 2 za milimita 6, na kwamba mtoto hana sababu ya kuteremshwa chini ya namba 2. Mashine huenda kinyume na nywele zinakolalia, lakini nywele hazilali upande mmoja kichwa kizima; kisogoni zinazunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu, na pale lazima mkono uzunguke nazo. Na kila baada ya dakika chache unagusisha meno ya mashine kwenye ngozi ya kifundo cha mkono wako, kwa sababu yanapata moto. Joto ambalo kiganja chako hakilihisi, shingo ya mtoto inalihisi.

Kitu kimoja kilinishangaza. Nilikuwa nimeandaa beseni la maji, binamu akaniambia niliondoe. Mashine inataka nywele kavu. Zikiloa zinagandana na kukwama kwenye meno. Tangu utotoni nasikia mwenzako akinyolewa, chako tia maji, na sikuwahi kufikiri kwamba methali hiyo ni ya watu wa wembe.

Baba yangu alikuwa mtu wa wembe. Tulikuwa watoto watano, Kibosho, na Jumamosi alitunyoa wote chini ya migomba ili kesho yake twende misa tukiwa safi. Maji ya vuguvugu kwenye bakuli la bati, sabuni ya mche, povu linasuguliwa mpaka nywele zinalegea. Wembe aliuvunja vipande viwili kwa urefu wake, akashika kipande kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada. Ulivyokuwa unashuka ulitoa sauti ndogo, kama mtu anayekwaruza karatasi taratibu chumba cha pili.

Miaka ya mwanzo wembe huo mmoja ulipita vichwa vyote vitano. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hilo likakoma. UKIMWI ulikuwa umetambuliwa nchini kwetu mwaka 1983, kule Kagera, na kufikia wakati ninaousema ulikuwa umeshaingia kwenye vihamba vyetu, yale mashamba ya nyumbani ya Wachagga. Tulikuwa tunakwenda mazikoni. Padre akasema kanisani, mwalimu akasema darasani: kila mtu na wembe wake. Mama akakata karatasi za daftari, akakunja bahasha tano ndogo, akaandika jina la kila mmoja wetu, akazichomeka juu ya fremu ya mlango wa jikoni. Jumamosi unaambiwa, "Kalete wembe wako," nawe unapanda kwenye ndoo kuufuata. Nilijiona mkubwa sana kwa bahasha ile.

Lakini zaidi ya wembe nakumbuka mkono. Baba hakuwahi kumshika mmoja wetu kichwa akakiinamisha. Aliketi nyuma yako, akakunjua kiganja cha mkono wa kushoto pembeni ya shavu lako, akasema, "Nipe kichwa." Halafu anangoja. Unaegemeza kichwa mwenyewe pale kiganjani, kinakuwa kizito, anakibeba. Akimaliza upande huo anakiachia, anahamisha kiganja, anasema tena, "Nipe kichwa." Mikono yake ilikuwa imekakamaa kwa jembe na kahawa, na siku hiyo ilinukia sabuni. Wembe ni wa kutisha kuliko mashine yoyote ya umeme, na sikumbuki hata mmoja wetu akilia. Amefariki miaka 6 iliyopita; mjukuu huyu hakumwona. Nilipokuwa natafuta namna ya kufanya, sauti iliyonijia ni yake, na maneno ni hayo mawili.

Kabla sijafika leo, niseme na ya mama mkwe. Alipiga simu Alhamisi kutoka Uru. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika na kuuliza papo hapo, "Mume wangu mmeshamnyoa?" Mwanangu amepewa jina la babu yake, kwa hiyo kwa bibi yake yeye ni mume. Alitaka tumnyoe para kabisa, ili ziote nywele nyingi na nzito. Nampenda mama huyu na sikutaka kubishana naye, lakini nilimweleza kwa utaratibu kile alichonieleza daktari wakati wa mapunye: unene wa unywele unatengenezwa kwenye shina, ndani ya ngozi, na mashina hayo mtoto amezaliwa nayo yote. Wembe haufiki huko. Unywele uliokatwa unaonekana mzito kwa sababu ncha yake ni butu. Ukiupapasa unakwaruza, basi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya mwanangu. Ila nywele zake usizitupe ovyo, zifukie chini ya mgomba." Hilo nikamwahidi.

Sasa leo.

Nilikuwa kwenye sufuria ya pili nilipomwona kwa pembe ya jicho. Aliizunguka kanga mara mbili bila kuikanyaga. Akachuchumaa. Akagusa waya, akaondoa mkono, akagusa tena. "Mama, imelala?" Nikamwambia imelala. "Ikiamka inauma?" Nikaacha vyombo, nikaenda kukaa chini mbali naye kidogo, nikamwambia inapiga kelele, na kwamba ile siku alishikwa kwa nguvu na mimi nikakosea, nilipaswa kukataa. Sijui mtoto wa miaka mitatu anachukua nini katika maneno kama hayo. Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Iamshe."

Nikaiwasha kwenye kiganja changu, mgongo wa mashine ukigusa ngozi. Akaweka kidole, akakitoa, akaweka kiganja kizima. Akacheka, akasema inatekenya. Tukaipitisha kwenye mkono wake, kwenye goti lake, kwenye goti langu. Tukaizima, tukaiwasha. Mchezo huo peke yake ulikula karibu nusu saa, na jua lilikuwa limepanda vizuri.

Halafu akakaa kwenye kigoda bila kuambiwa. Nikakaa nyuma yake, nikakunjua kiganja pembeni ya shavu lake. "Nipe kichwa."

Hakunipa. Niliacha mkono hapo hapo. Malori mawili yalipita barabarani, kuku akaja akapita, mkono ukaanza kufa ganzi. Kisha nikahisi shavu lake, na uzito ukaja polepole, wote. Kichwa cha mtoto ni kizito kuliko unavyodhani, na kina joto. Nilihitaji muda kidogo kabla ya kuwasha mashine, maana macho yalikuwa yamejaa.

Nilianza kisogoni, juu kidogo ya shingo. Nywele zikawa zinaanguka kwenye kanga kwa vishungi vidogo. Akisema "basi," nazima. Akisema "haya," nawasha. Alisema basi mara nyingi. Mara moja ilikuwa ili atazame sisimizi. Tukamaliza kisogo, tukamaliza kushoto, tukamaliza juu. Nilipohamia juu ya sikio la kulia akaweka mkono wake pale, vidole vimetanuka. "Hapa hapana."

Ni pale palipokuwa na mapunye, na ni upande ule alioshikwa. Kidonda hakuna tena, nywele zimerudi zote. Nikamwambia, "Nipe kichwa, baba." Akatikisa kichwa chini ya mkono. Nikazima mashine na kuchomoa waya.

Mume wangu aliporudi mchana akamtazama, akasema, "Mbona umesahau hapa?" Nikamwambia sijasahau, hajanipa. Akakubali, akamvika kofia ya sufu.

Nywele nilizikunja ndani ya karatasi. Mama jirani, yule wa juisi, alinikuta nikifanya hivyo akanisimulia akika, ile sherehe ya Kiislamu ya mtoto mchanga, ya mtoto wake wa kwanza: siku ya saba walimnyoa, wakapima nywele kwenye mizani ya sonara, na thamani ya madini ya fedha yenye uzito ule wakaitoa sadaka. Nywele za kichanga, kitu ambacho upepo unakibeba, zikapimwa. Nimekuwa nikilifikiria hilo jioni nzima. Hapa uani hatuna mgomba kama alivyotaka mama mkwe, tuna mpapai mmoja tu. Nimechimba kashimo hapo, tumefukia wote wawili, yeye akakanyagakanyaga udongo.

Jumanne

Jumapili kanisani watu wawili waliniuliza kuhusu kile kishungi juu ya sikio. Nilisema bado tunaendelea kunyoa, nao wakaniacha.

Leo jioni nilikuwa barazani nachambua mchele. Nikasikia kigoda kinaburutwa kutoka jikoni. Alikuja nacho mpaka miguuni kwangu, kwenye mkono mwingine ameshika kitana chake. Akakaa akinipa mgongo, akavua kofia, akalaza kichwa upande wa kushoto juu ya goti langu mpaka sikio la kulia likatazama juu, akabaki hivyo, kimya.

Nikaweka ungo pembeni. Nikamwambia asiinuke, nafuata mashine.